Utambi Nilioubana

Kwa miaka kadhaa niliuza taa za kopo katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, nikijua kwamba hazikutengenezwa sawasawa. Kasoro yake niliifunika kwa kuchanganya esansi ndani ya petroli. Moja ya taa hizo ililipuka mbele ya mtoto. Mama yake aliponijia, nilimwambia kosa ni lake, naye akaniamini. Hayo ndiyo ninayoyaungama leo. Nitaanza na utambi, maana mabaya yote yalianzia hapo, kwenye kipande cha kitambaa kisichozidi urefu wa kiganja.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aelewe kwanza kwamba sisi Wakongo tukisema petroli tunamaanisha mafuta ya taa. Yale ya magari na pikipiki tunayaita esansi. Katika habari hii, atakayechanganya hayo mawili hataona uzito wa nilichofanya.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara haukuwa ukifika. Tuliishi kwa primu, zile fedha ambazo wazazi huchanga ili mwalimu ale, na vita vya 1998 vilipoingia wazazi wenyewe walikosa cha kuchanga. Mzee mmoja fundi bati, jirani yetu upande wa Cimpunda, akanionea huruma akanifundisha kazi. Malighafi haikuwa shida: makopo ya maziwa ya unga, makopo ya nyanya, na hasa madebe ya mafuta ya kula ya msaada yenye maandishi USA, ambayo mjini mwetu yaligeuka kuwa milango, vipimo vya unga, na taa.

Wateja hawakukosekana. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa mjini. Bwawa lake la kwanza la umeme ni la mwaka 1958, la pili la mwaka 1989. Lakini ukipanda vilima vya Kadutu, kwenye nyumba za mbao zilizoshikana ukuta kwa ukuta, kulikuwa na wasio na waya kabisa, na wenye waya walizoea kubaki gizani saa ya chakula cha jioni. Watoto walisomea taa ya kopo. Wamama waliuza ndizi na samaki wadogo waitwao sambaza kando ya barabara kwa taa ya kopo. Aliyenunua kwangu ni mtu asiyekuwa na uwezo wa kwenda kutafuta kilicho bora kwingine, na hilo linaniongezea deni.

Taa ya kopo ina vitu vitatu tu: tumbo la kuwekea mafuta, kibomba cha bati kinachosimama juu ya kifuniko, na utambi unaopita ndani ya kibomba hicho, mkia ukiwa ndani ya mafuta na kichwa kikichungulia nje. Haina kioo. Haina kile kigurudumu cha kupandisha na kushusha utambi. Taa ya mafuta ambayo mfamasia Ignacy Łukasiewicz aliibuni mjini Lviv mwaka 1853, na zile za kioo zilizokuja baada yake, zilipata kichwa kinachofanya kazi tatu pamoja: kuushika utambi, kuupandisha, na kuuletea moto hewa. Kwenye taa yetu kazi hizo zote zimo mikononi mwa fundi, katika namna alivyoupima utambi na kibomba chake.

Mafuta hupanda kwenye utambi bila kusukumwa na mtu. Kati ya uzi na uzi mna nafasi nyembamba sana, na kimiminika kikigusa nafasi ya namna hiyo hujivuta chenyewe kwenda juu. Nyuzi zikiwa chache, kibomba hubaki na uwazi pembeni, na taa ikiinama tu mafuta hutoka. Nyuzi zikibanwa mno, zile nafasi huzibika. Mafuta hupanda polepole kuliko moto unavyoyala, na moto ukikosa mafuta hula utambi wenyewe. Somo hilo nililifundisha ubaoni, kwa kamba ya pamba iliyochovywa kwenye maji yenye wino, watoto wakitazama wino ukipanda. Siwezi kusema sikujua.

Mzee aliyenifundisha alikuwa na kipimo chake. Aliupitisha utambi kwenye kibomba kwa vidole viwili. Ukiteleza bila kugusa, aliongeza nyuzi. Ukigoma, alipunguza. Ukipita kwa kukwaruza kidogo, aliridhika. Alitumia pamba tupu, nguo kuukuu iliyofuliwa hadi ikalainika, kwa maana nailoni na polista huyeyuka kwenye moto na kuziba njia. Kila kifuniko alikitoboa tundu dogo kwa ncha ya msumari ili hewa iingie kadiri mafuta yanavyopungua. Kila kopo alilijaza maji na kulilaza juu ya karatasi kavu kabla halijatoka mkononi mwake. Mwanzoni nilimfuata. Baadaye nikaanza kuyaruka hayo moja moja, kwa sababu taa nyingi kwa siku zilikuwa na maana ya unga mwingi nyumbani.

Malalamiko ya kwanza yalikuwa ya kuvuja. Wamama walirudi na taa mikononi wakisema meza imelowa, daftari za watoto zinanuka petroli, hata unga umeingia harufu. Taa ya kopo huvuja kwa sababu zinazojulikana. Mshono haukulehemiwa vizuri. Au imejazwa hadi shingoni, na hewa iliyobaki ikipata joto hutanuka na kuyasukuma mafuta juu. Au kichwa cha utambi kimeachwa kirefu kikaning'inia nje hadi chini ya kimo cha mafuta, na hapo utambi huo huo huyavuta mafuta na kuyadondosha nje usiku kucha, taa ikiwa imezimwa. Au hakuna tundu la hewa. Kila sababu ina dawa yake, na zote nilizijua.

Dawa yangu mimi ilikuwa moja kwa magonjwa yote: nilizidisha utambi. Nilichukua kitambaa, nikakisokota, nikakisukumiza kwenye kibomba kwa bisibisi hadi kisitikisike. Risasi ya kulehemu ilikuwa ghali, makaa ya kuwasha jiko la kulehemia yalikuwa ghali, na kurudia mshono kulikula muda. Kusukumiza kitambaa kulichukua dakika. Nilipindua taa mbele ya mteja, tone halikuanguka, akaondoka ameridhika. Mbali na macho yake mshono ulibaki vilevile, na tundu la hewa halikuwepo.

Kisha yakaja malalamiko ya pili. Taa haivuji tena, lakini mwanga ni mwekundu, unacheza, unatoa moshi mzito. Utambi ulifanya gaga jeusi la kaa kichwani. Watu waliuvuta juu kwa sindano au kijiti ili wapate mwanga, na kadiri ulivyotoka nje ndivyo ulivyozidi kutoa moshi. Asubuhi watoto walikuja darasani kwangu, darasani kwangu mimi, na masizi kwenye tundu za pua. Niliwatazama nikajua ni taa za nani.

Hapo ndipo ningeweza kusimama. Ilinipasa kuzitoa zile tambi nilizozibana, nilehemu mishono, nitoboe vifuniko, nipoteze faida ya majuma machache. Nilichofanya ni kuyageuza mafuta yaendane na kasoro ya taa. Kama petroli inapanda polepole kwenye utambi uliobanwa, nilijiambia, niipe kitu chepesi. Vijana wauza mafuta wa barabarani, wale tunaowaita Kadafi, walikuwa na esansi kwenye chupa na madumu tunayoyaita bidoni. Nilinunua kidogo, nikachanganya, nikajaribu kwangu. Mwali ulinyooka, ukawa mweupe zaidi, moshi ukapungua. Nilifurahi kama mtu aliyegundua kitu. Tangu siku hiyo niliuza taa pamoja na chupa ya mafuta niliyokwisha kuchanganya, na nilipoulizwa mbona ina harufu kali nilijibu kuwa ni petroli safi.

Mafuta ya taa yanafaa kwa taa kwa sababu yanavumilia kukaa karibu na moto. Kwa baridi ya Bukavu, mji ulio kwenye kimo cha kama mita 1,500, mafuta yaliyotulia ndani ya kopo hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto. Sharti yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Esansi hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukiichanganya na petroli, taa inapopungua mafuta, nafasi iliyo wazi ndani ya kopo hujaa mvuke na hewa. Na jambo lililonitisha nilipokuja kulielewa ni hili: udogo wa kiasi si kinga. Mvuke wa esansi hulipuka ukiwa kati ya sehemu moja na nusu hivi na sehemu saba na nusu hivi katika mia ya hewa. Ukizidi sana hapo, hukosa hewa ya kuwakia. Kwa hiyo kidogo nilichokuwa nikitia, kile nilichojiambia hakina madhara, ndicho kiwezacho kuijaza nafasi ya kopo kwa mchanganyiko ulio tayari kulipuka.

Taa iliyolipuka ilikuwa nusu ya mafuta. Mtoto, mvulana wa umri wa kuanza shule, aliiinua ili aisogeze karibu na daftari. Moto uliingia ndani, kopo likapasuka kwenye mshono, ule mshono ambao sikuurudia. Aliungua mkono, kifua na upande wa shingo. Nyumba ilikuwa ya mbao. Majirani waliuzima moto kwa mchanga na blanketi zilizoloweshwa kabla haujashika ukuta, vinginevyo avenyu nzima ingeteketea. Mtoto aliishi. Mkono wake haukunyooka tena kama ule mwingine.

Mama alikuja sokoni baada ya siku chache, hana hata sauti ya ugomvi. Aliuliza tu.

"Papa mwalimu, ile taa ilikuwa na nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimuuliza aliijaza kwa kiasi gani. Akasema alijaza kama siku zote. Nikamwambia, "Uliijaza kupita kiasi, Mama. Taa hizi hazitaki kujazwa hivyo." Aliinamisha kichwa. Alinishukuru kwa kumweleza. Akaenda nyumbani akiwa amebeba, juu ya uchungu wa mtoto wake, hatia ambayo ilikuwa yangu. Katika yote niliyoyatenda, hilo ndilo baya kuliko yote. Taa mbovu ilitoka kwenye njaa na uvivu. Uongo ule ulitoka kwenye hesabu. Nilijua ananiamini kwa sababu mimi ni mwalimu, na imani hiyo nikaitumia dhidi yake.

Niliacha kuchanganya mafuta, kisha nikaacha kazi ya bati. Sikumwambia mtu kwa nini. Nilifikiri kuacha kunatosha.

Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya kutoka Uvira kuja Bukavu. Mafuta yalimwagika, watu wakayasogelea kuyachota, moto ukalipuka na kuzikumba nyumba za jirani, zikiwemo zile ambamo watu walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Walikufa zaidi ya watu 230. Mjini kwetu nilisikia watu wakiwalaumu waliochota. Sikuweza kuungana nao. Wale wa Sange waliona mafuta barabarani, hakuna aliyewaambia ni kitu gani kinapaa hewani kutoka kwenye mafuta yale. Mimi nilijua, na nilikipeleka ndani ya nyumba za watu kwenye chupa, nikapokea fedha. Hata hivyo sikusema. Mtu anaweza kuona kosa lake likiandikwa kwa herufi kubwa hivyo, bado akanyamaza.

Kilichonifungua mdomo kilikuwa kitu kidogo. Mpwa wangu alirudi kutoka Kampala na sigara ya umeme, ya aina ambayo mvutaji hujitengenezea koili na pamba mwenyewe. Sigara ya umeme ya kisasa ilibuniwa na mfamasia Mchina Hon Lik mwaka 2003. Hiyo ya mpwa wangu ina tangi la kimiminika, waya uliozungushwa unaopata joto kwa betri, na pamba inayopita katikati ya waya huo ikiufikishia kimiminika. Lilikuwa linamvujia mfukoni. Akaongeza pamba hadi ikajaa. Uvujaji ukakoma, lakini kila akivuta alipata ladha ya kitu kilichoungua na koo likawaka. Akanijia kwa sababu alisikia zamani nilikuwa fundi wa taa.

"Mjomba, nafikiri nizidishe moto wa betri, au hii dawa niifanye nyepesi ndiyo ipande," alisema.

Nilishika mkono wake kabla hajamaliza. Nilimwambia kwamba utambi uliobanwa hautibiwi kwa mafuta wala kwa moto. Pamba ikikauka kwenye waya wa moto huungua, na glisirini iliyomo kwenye kimiminika ikipata joto la kupita kiasi hutoa akrolini, sumu inayochoma koo na mapafu. Pamba ipite ndani ya koili kwa kukwaruza kidogo bila kuuvuta waya. Mikia yake ifike kwenye vitundu vya kimiminika, ivifunike bila kuviziba. Kwanza iloweshwe kabisa, ndipo iwashwe. Ikivuja, atafute penye kasoro: mpira wa kuzuia uvujaji uliochakaa, kifuniko kisichokazwa, tangi lililojazwa hadi juu, au kupanda tu kutoka bonde la Ruzizi hadi huku milimani, ambako hewa ya nje hupungua nguvu na ile iliyofungiwa tangini husukuma kimiminika nje. Nilimwambia pia kwamba nikotini ni sumu, kwamba kimiminika kile kikimwagika mahali mtoto anaweza kukiramba kinaweza kumuua, na kwamba ningefurahi zaidi akiacha kabisa.

Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza nimeyajuaje yote haya kuhusu kubana na kuchanganya. Nilimjibu kwamba ni uzoefu wa kazi. Ulikuwa uongo mwingine katika jambo lile lile, na nilijisikia nikiusema.

Nilimtafuta yule mama. Bado anaishi Kadutu. Mvulana ni mwanamume sasa, ana watoto. Nilimwomba mama aniketishe pamoja na mwanawe, nikawaeleza kila kitu: kitambaa, bisibisi, mshono, esansi, na jibu nililompa sokoni. Sikuomba wanisamehe siku ile. Mwanamume yule alitoka nje. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo kwa miaka yote sikuwahi kujiuliza.

"Na zile taa zingine, uliuzia nani?"

Sikuwa na jibu. Niliuza kwa watu wa Nyamugo, wa Panzi, wa Bagira, kwa wachuuzi waliozipeleka Walungu na Kabare siku za soko. Sikuandika jina la mtu. Nilikuwa nimeibeba hatia ya nyumba moja kana kwamba nyumba ilikuwa moja tu. Mama huyo ndiye aliyeniambia niandike.

Kwa hiyo nawaandikia mlionunua. Taa zangu nyingi zilitengenezwa kwa madebe yale ya msaada, kibomba kimesimama katikati ya kifuniko, na utambi wake ukiuvuta kwa vidole hautoki. Kama unayo, usiiwashe. Kama bado unatumia taa ya kopo ya fundi mwingine, hakikisha kifuniko kina tundu la hewa, utambi uwe wa pamba na upite kwa kukwaruza kidogo, ujaze robo tatu tu, na ujaze ikiwa imezimwa na imepoa. Usinunue petroli iliyotoka kwenye chupa au bidoni iliyowahi kubeba esansi. Ikinuka kama pikipiki, irudishe. Moto wa mafuta ukiwaka, usiumwagie maji, maana mafuta huelea juu ya maji na kuwaka mbali zaidi. Ufunike kwa mchanga au blanketi lililoloweshwa na kukamuliwa. Aliyeungua mmwagilie maji baridi safi kwa dakika 20, msimpake dawa ya meno wala mafuta, kisha mmpeleke hospitali.

Na kwenu mafundi, wa taa, wa majiko, wa simu, wa hivi vyombo vya kuvuta: mteja akirudi na kitu kinachovuja, tafuteni kinapovujia. Nilipoziba bila kutafuta, nilijilazimisha kufanya kosa la pili ili la kwanza lisionekane, na la tatu likamwangukia mtu aliyeniamini.

Taa ndogo za sola sasa zinauzwa Kadutu, na mwalimu mstaafu anaweza kununua moja moja kila apatapo kidogo. Nimeanza na nyumba ya yule mama. Yeyote atakayeniletea taa niliyoitengeneza, nitampa ya sola badala yake, na ile ya kopo nitaipondaponda mbele yake.